Namba ya Harusi ya Ubwa

Nyumba ya Ubwa, pale Kiponda, ina barza ya mawe chini ya dirisha lenye nondo, na nyuma ya nondo hizo ndipo ilipo kompyuta yake, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma. Ndiyo maana asubuhi ile mazungumzo yetu yalikuwa na watu nje na mtu mmoja ndani. Nje alikuwapo Sabri, fundi wa simu wa Darajani, tuliyempa jina la Zima-Washa kwa kuwa hiyo ndiyo dawa yake ya kwanza kwa kila maradhi. Alikuwapo Ahmada, dereva wa teksi, aitwaye Satelaiti, ambaye hakuna jambo duniani asilokuwa na habari yake. Alikuwapo Wakil, mshona kofia, tunayemwita Kadhi ingawa hajapata kuhukumu kitu zaidi ya mchezo wa bao. Mzee Duni alikuwa ameshalitua dele lake la kahawa na anagonganisha vikombe. Na ndani, kama mtu aliye kwenye kidirisha cha posta, alikaa Ubwa mwenyewe. Huko posta alikaa miaka thelathini na moja, akipokea barua za watu na kuzipeleka bila ya kuchungulia hata moja, na aliporudi nyumbani na kiinua mgongo chake alinunua kompyuta ili na yeye awe na cha kwake kisichochunguliwa.

— Limekataa! alisema Ubwa kutoka dirishani.

— Nani kakataa? aliuliza Wakil bila ya kuinua macho kwenye kofia yake.

— Faili. Nimelipa namba yake, linanambia siyo.

— Zima, kisha washa, alisema Sabri.

— Sabri, hebu subiri kwanza. Mwanamwema haji? Tizameni njiani.

Mwanamwema ni mkewe Ubwa. Alikuwa amekwenda sokoni Darajani kutafuta samaki. Sote tuligeuza shingo. Uchochoroni hapakuwa na mtu ila paka wawili, na wao walikuwa na shughuli zao.

— Haji, alisema Ahmada. Sema yakhe, unatutia roho juu.

Ubwa alisogeza uso mpaka paji lake likagusa nondo.

— Wiki hii natimiza miaka thelathini na mke wangu. Nimemtungia nyimbo. Jumamosi Bi Saadiya, mwimbaji wa taarabu, ataiimba kule ukumbini, na Mwanamwema atakuwa amekaa kiti cha mbele, hana habari kuwa anaimbiwa yeye. Leo saa kumi ndiyo mazoezi ya mwisho. Bi Saadiya kanambia, Ubwa, leo kama sina maneno mkononi, Jumamosi naimba nyimbo nyengine.

— Maashallah! alisema Mzee Duni, akamjazia kikombe na kumpitishia baina ya nondo. Mtu mzima na mapenzi yake!

— Sasa maneno yenyewe yako wapi? aliuliza Wakil.

— Yako humu, kwenye faili. Na faili lina neno la siri. Na neno la siri linakataa.

— Na daftari ulilotungia?

— Nimelichoma.

— Umelichoma?

— Mwanamwema akifagia hunyanyua kila kitu. Ningeliacha wapi?

— Lakini nyimbo umeitunga wewe, alisema Ahmada. Kaa hapo, ikumbuke, iandike upya.

— Nakumbuka beti tatu. Ziko saba. Na katika hizo tatu, mmoja nina wasiwasi nao.

Hapo hata Wakil aliweka sindano chini.

Ubwa alitueleza habari yote taratibu. Faili hakulifunga yeye. Lilifungwa na binti yake Zuleikha, aliyekuja likizo na kurudi chuo cha uuguzi Dodoma wiki tano zilizopita. Zuleikha aliweka programu ya kufungia mafaili, akamuuliza baba yake anataka neno gani la siri. Ubwa, ambaye huchapa kwa kidole kimoja, akamwambia aweke tarehe ya harusi kwa miezi ya Kiislamu: kumi na nne, Mfunguo Saba, mwaka elfu moja mia nne na kumi na sita. Zuleikha akachapa namba nane, akafunga, na kwa adabu yake hakusoma hata mstari mmoja wa kilichomo. Tangu siku hiyo Ubwa hakulifungua tena, kwa kuogopa asije akakutwa.

— Na leo? aliuliza Sabri.

— Leo nimeandika kumi na nne, saba, elfu moja mia nne na kumi na sita. Likakataa. Na linakubali kujaribiwa mara tano tu. Ukikosea ya tano, linajifunga mpaka kesho wakati kama huu.

— Mpigie simu Zuleikha.

— Yumo kwenye mtihani wa vitendo mpaka magharibi. Simu zao wameziacha bwenini.

— Basi muulize mkeo tarehe, alisema Ahmada, kama mtu aliyemaliza kazi.

Ubwa alimtizama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtizama mtoto aliyejumlisha ndizi na machungwa.

— Nimuulize Mwanamwema kwamba tulioana lini? Wiki hii? Ahmada, wewe umeoa?

— Nimeoa.

— Basi unauliza nini?

Mzee Duni alicheka mpaka ikabidi ashike dele lisipinduke.

— Na kila mwaka, aliendelea Ubwa, kila ikifika kumi na nne Mfunguo Saba, mimi namletea halua. Miaka thelathini! Ikiwa siyo tarehe yenyewe, basi huyu mwanamke alikuwa akila halua yangu kimya kimya, ananihurumia.

— Halua haina tarehe, alisema Mzee Duni. Hata mimi ningekula.

Sabri aliinuka, akaingiza mkono dirishani mpaka begani.

— Jamani, mnazungumza sana. Hii ni kompyuta, haitaki hadithi. Mzee Ubwa, zima.

— Nizime?

— Zima, hesabu mpaka kumi, washa. Paswedi ile ile. Mashine nayo huchoka, ikichoka inakuwa haisikii.

Ubwa alizima. Tukahesabu sote mpaka kumi, kwa sauti, na Mzee Duni akitupigia vikombe. Kompyuta ikawaka na wimbo wake mdogo. Ubwa akachapa tarehe ile ile, kidole kimoja, namba moja moja, sisi tukimfuatia kama watoto wa chuo cha Kurani.

— Limekataa. Zimebaki tatu.

— Kwa hivyo tumejua kuwa haikuchoka, alisema Sabri, akakaa.

— Tumejua kwa bei ghali, alisema Wakil. Sasa tizama. Mmeulizana namba, hamkuulizana jambo la msingi. Ubwa, ndoa ilifungwa wakati gani?

— Baada ya sala ya isha. Msikiti wa hapa hapa.

— Aah! Wakil alipiga goti lake. Siku yetu sisi huanza wapi? Huanza jua linapotua. Likishatua jua la kumi na nne, wewe umo kwenye kumi na tano. Umeoa kumi na tano, bwana, na miaka yote hii unaleta halua ya jana.

Barza nzima iliguna. Jambo lilikuwa na sura ya ukweli, na Wakil akilisema jambo kwa kidole juu huwa na sura ya ukweli zaidi.

— Lakini Zuleikha nilimwambia kumi na nne, alisema Ubwa.

— Zuleikha ni mtoto mwenye akili. Alijua umekosea, akaona haya kukwambia, akaandika iliyo sahihi.

— Anaona haya huyo? Zuleikha?

— Jaribu.

Ubwa alijaribu kumi na tano. Tulisikia kompyuta ikitoa mlio mfupi, kama mtu anayesonya.

— Zimebaki mbili, alisema Ubwa, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

— Mimi nilikuwa nakungojeeni mmalize, alisema Ahmada Satelaiti. Hamjui mnachokabiliana nacho. Mnaijua waya iliyopita chini ya bahari?

— Waya gani tena?

— Waya ya intaneti. Imetoka huko ilikotoka, imepita chini ya samaki wote, imekuja mpaka hapa. Kila unachokiandika kinapita mle. Sasa kuna watu, kazi yao ni kukaa kwenye ncha ya pili na kungojea. Kikipita kitu kizuri wanakichukua, kisha wanabadilisha paswedi usijue.

— Waichukue nyimbo ya Mwanamwema? aliuliza Ubwa.

— Kwa nini wasiichukue? Beti saba! Wewe unafikiri wao wanatunga wenyewe? Ntakwambia, ukenda huko sasa hivi utamkuta mzungu na gitaa lake, analia, anamwimbia Mwanamwema.

— Kompyuta yangu haina intaneti, alisema Ubwa. Zuleikha alikuwa akitumia simu yake.

Ahmada alikunywa funda la kahawa.

— Basi wamepitia kwenye umeme, alisema.

Sabri hakukubali kushindwa na waya.

— Skizeni, mimi ndiye fundi. Ndani ya kompyuta mna betri dogo, kama kitufe cha shati. Hilo ndilo linaloiweka saa ya kompyuta. Likifa, kompyuta inarudi nyuma, inafikiri ni zamani sana. Mzee Ubwa, hebu tizama pale chini pembeni, inasema leo mwaka gani?

Ubwa aliinamia kioo.

— Inasema elfu moja mia tisa na sabini.

Sabri aliinuka, akatandaza mikono kama aliyefunga goli.

— Si hilo! Mwaka huo, Mzee Ubwa, wewe una umri gani?

— Miaka mitano.

— Na Bi Mwanamwema?

— Hajazaliwa.

— Sasa kompyuta ikuamini vipi? Mtoto wa miaka mitano anakuja, anaiambia nifungulie, mimi nimeoa! Umeoa nani? Mtu hajazaliwa! Ingekuwa wewe ungefungua?

Tulicheka mpaka jirani wa ghorofani akafungua dirisha kututizama. Ubwa naye alicheka, ingawa macho yake yalikuwa yakikimbilia njiani. Saa ya ukutani kwake ilikuwa imeshagonga nne na nusu, na samaki wa Darajani hawachukui asubuhi nzima.

Sabri aliirekebisha tarehe ya kompyuta kwa kuingiza mikono miwili baina ya nondo. Hilo lilikuwa jambo la maana na alilifanya vizuri. Lakini faili halikuhusika nalo kabisa. Lilibaki limefungwa vile vile.

— Umesahau mwezi, alisema Mzee Duni ghafla.

— Mwezi gani?

— Mwezi wa mbinguni. Mwaka ule wa harusi yako mimi nakumbuka. Kulikuwa na mawingu. Huku mjini watu wakasema mwezi umeandama, kule Nungwi wakasema hawakuuona. Wengine wakaanza kuhesabu leo, wengine kesho.

Wakil alimgeukia kama aliyenyang'anywa kofia yake.

— Duni, wewe uza kahawa.

— Nauza, na nakumbuka. Familia ya mwanamke wanatoka wapi?

— Mamake ni mtu wa Nungwi, alisema Ubwa polepole.

— Basi! Kwenu wewe ilikuwa kumi na nne, kwa wakweo ilikuwa kumi na tatu.

Ahmada aliruka kutoka kwenye barza.

— Ngojeni, ngojeni! Kwa hivyo bwana harusi ameoa kumi na nne na bibi harusi ameolewa kumi na tatu?

— Ndivyo.

— Basi kuna siku moja nzima ambayo mke alikuwa ameshaolewa na mume hajaoa!

— Au mume ameoa, mke bado, alisema Sabri.

— Wakil! Wewe Kadhi! Jambo hili lina hukumu gani?

— Hukumu yake, alisema Wakil, ni kwamba nyote wawili mrudi chuoni mkaanze alifu.

Lakini Ubwa alikuwa ameshashikwa na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi husikiliza kila mlango unaogongwa. Akachapa kumi na tatu. Kompyuta ikasonya.

— Imebaki moja.

Ubwa aliuondoa mkono kwenye kibodi, akaukunja mapajani. Nikaona kuwa yule mtu aliyekuwa akitutania tangu asubuhi sasa alikuwa anaiona Jumamosi kama ilivyo: ukumbi umejaa, Bi Saadiya anaimba nyimbo ya watu wengine, na mke wake kwenye kiti cha mbele akipiga makofi kwa heshima, bila ya kujua kuwa alikosa chochote. Hicho ndicho kilichomuuma. Angekosa, na asijue kuwa amekosa.

— Ntamwambia Bi Saadiya basi, alisema Ubwa. Ntamwambia mwakani.

Ndipo alipotokea Bashira. Bashira ni mwalimu wa skuli ya msingi, mzaliwa wa Tabora, mpangaji wa chumba cha nyumba ya pili, na alikuwa na mwezi wa pili tu hapa kwetu. Anasomesha zamu ya mchana, kwa hivyo asubuhi hupita kununua kashata za Mzee Duni za kuwapelekea wanafunzi waliofanya vizuri.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Mbona leo barza imekaa kama kuna msiba? Kwema?

— Kwema, alisema Mzee Duni, akimhesabia kashata kwenye karatasi. Ni faili la Mzee Ubwa. Neno lake la siri ni tarehe ya harusi, na harusi imepotea.

— Imepoteaje?

— Kumi na nne Mfunguo Saba, alisema Ubwa kwa unyonge. Tumejaribu kumi na nne, kumi na tano, kumi na tatu. Zote saba. Zote siyo.

Bashira alisimama na kashata zake mkononi.

— Samahanini, mimi mgeni. Huo Mfunguo Saba ni mwezi gani?

Wakil alifurahi kuulizwa. Asubuhi nzima watu walikuwa wakimbishia, na sasa amepatikana mtu wa kujifunza.

— Sisi huku, mwanangu, tunahesabu kuanzia Idi. Ramadhani tunafunga. Ikisha tunafungua, na mwezi unaofuata ndio Mfunguo Mosi. Kisha Mfunguo Pili. Mfunguo Tatu ndio wa kuchinja. Mnakwenda hivyo hivyo. Mfunguo Sita ndio wa Maulidi. Baada yake Mfunguo Saba. Mabibi zetu wamehesabu hivyo, na sisi tunahesabu hivyo.

— Na kwa Kiarabu unaitwaje?

— Rabiul-akhir.

Bashira aliweka kashata kwenye barza, akatoa simu yake, akafungua kalenda.

— Hapa Rabiul-akhir ni mwezi wa nne.

— Wa nne kwa nani? aliuliza Ahmada.

— Kwa kalenda ya simu. Imeanzia Muharram.

— Muharram ni Mfunguo Nne, alisema Wakil. Kwetu mwezi wa nne ndio huo. Hiyo simu yako inauanzia mwaka mahali pengine.

— Ndiyo, Mzee Wakil. Sasa hiyo namba kwenye kompyuta aliiandika nani?

— Zuleikha, alisema Ubwa.

— Zuleikha akitaka kujua mwezi wa Kiislamu leo ni wa ngapi, anahesabu kuanzia Idi?

Ubwa alimtizama Wakil, Wakil akamtizama Sabri, Sabri akaitizama simu yake kama aliyeiona mara ya kwanza.

— Zuleikha anatizama simu, alisema Ubwa. Siku ile nilipomtajia tarehe aliitoa simu, akaitizama, kisha ndiyo akachapa. Mimi nilifikiri anasoma meseji.

— Nne, alisema Mzee Duni kwa kunong'ona.

— Tusifanye haraka, alisema Ahmada. Imebaki mara moja. Mimi naona tupige kura.

— Kura ya nini? alisema Wakil. Mwalimu kauliza, jawabu limetoka. Ubwa, andika.

Ubwa alivuta kiti. Akasema Bismillahi. Akachapa moja, nne, akasimama. Akachapa sufuri, nne. Akachapa elfu moja mia nne na kumi na sita, namba moja moja, na baada ya kila namba alituinulia macho. Kisha akabonyeza.

Kompyuta haikusonya.

— Limefunguka! Limefunguka jamani!

Mzee Duni aligonga vikombe vyote kwa pamoja. Ahmada alimkumbatia Sabri, Sabri akasema kuwa bila ya yeye kuirekebisha ile tarehe ya kompyuta faili lisingefunguka, na siku hiyo hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatalia. Wakil alimwambia Bashira kuwa kuanzia leo kashata zake ni juu ya barza. Bashira alicheka, akasema hakufanya kitu, aliuliza tu kwa kuwa alikuwa hajui.

— Haya, lete maneno, alisema Ahmada. Tia kwenye flashi, teksi yangu hiyo pale kwenye kona. Kabla ya adhuhuri nshamfikia Bi Saadiya.

Lakini Ubwa alikuwa bado anasoma. Alikuwa ameinamia kioo, pua karibu iguse.

— Kuna nini? aliuliza Wakil. Zimepungua?

— Zimezidi.

— Zimezidi nini?

— Beti. Niliandika saba. Humu mna nane.

— Zima, washa, alisema Sabri, lakini kwa sauti ya chini.

Ubwa aliteremsha ukurasa mpaka mwisho, na midomo yake ikaanza kusoma kwa sauti kabla ya akili yake kuikataza:

Nimesoma nikacheka, mume wangu wa maana,
Lakini umepotoka, kanga nyekundu hapana,
Manjano nalijivika, aliyonipa ni nina,
Rekebisha kwa haraka, nyumbani tuje patana.

Mzee Duni ndiye aliyeanza, na nyuma yake Ahmada, na nyuma yao sote, kicheko kilichopanda mpaka ghorofani na kumtoa tena yule jirani dirishani.

— Mwanamwema! alisema Ubwa. Kaingia! Kaingiaje?

— Cheti cha ndoa nyumbani kwako anakiweka nani? aliuliza Wakil, akifuta machozi kwa ile kofia.

— Yeye. Kwenye sanduku lake.

— Na kwenye cheti tarehe imeandikwaje? Nimeshaviona vyeti vingi. Kumi na nne, mkwaju, nne, mkwaju, mwaka. Wenye kuandika vyeti hawaanzii Idi.

— Sasa alijaribu mara ngapi? aliuliza Sabri.

— Wewe unafikiri ngapi? alisema Ahmada. Moja tu! Sisi wanaume wazima, mafundi na makadhi, mara tano na mwalimu juu yake.

— Na ni kweli nimeandika nyekundu, alisema Ubwa, akirudi kwenye beti za juu. Ubeti wa pili. Nimesema siku ya harusi alivaa kanga nyekundu. Miaka yote naiona nyekundu!

Wakil alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole.

— Nye-ku-ndu, tatu. Ma-nja-no, tatu. Badilisha neno, mizani haivunjiki. Mwanamke huyu kalifikiria mpaka hapo, bwana. Andika manjano.

Ubwa aliandika manjano. Akaziweka beti saba kwenye flashi ya Sabri, na ule wa nane hakuuweka. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Ahmada aliitia flashi mfukoni, akaupigapiga mfuko kwa nje.

— Lakini sasa Jumamosi haina tena mshangao, alisema Bashira kwa masikitiko.

— Mwanangu, alisema Mzee Duni, Jumamosi Bi Mwanamwema atashangaa kuliko mtu yeyote ukumbini. Utaona. Atashika kifua.

— Na Ubwa atashangaa kuwa ameshangaa, alisema Wakil.

Tukaanza kucheka tena, na katikati ya kicheko hicho tukasikia viatu vya kike vikija kwenye uchochoro. Bi Mwanamwema alitokea kwenye kona na kikapu chake, mkia wa changu umechungulia juu ya mchicha.

— Assalamu alaykum.

— Waalaykumu salamu, Bi Mwanamwema, tulijibu sote kwa pamoja, kama darasa.

Alisimama, akatutizama mmoja mmoja.

— Nawasikia tangu kwenye kona. Mnacheka nini?

Wakil alikuwa anatia uzi kwenye sindano iliyokuwa tayari na uzi. Sabri aliizima simu yake, akaiwasha. Mzee Duni aliinamisha dele juu ya kikombe, na halikutoka hata tone. Bi Mwanamwema akamwelekezea macho Ahmada, ambaye hakuna jambo duniani asilokuwa na habari yake.

— Hali ya hewa, shemegi, alisema Ahmada.

— Hali ya hewa ndiyo inayowachekesha?

Akageuka dirishani.

— Na wewe, Ubwa, umepata ulichokuwa ukikitafuta?

— Nimepata, alisema Ubwa.

— Haya. Nakwenda kumpara samaki.

Aliingia ndani, na nilipomwona anapita mlangoni alikuwa ameuma mdomo wa chini kama msichana aliyebeba kitu kwenye pindo la kanga.

Ahmada alikimbilia teksi yake. Mzee Duni alikusanya vikombe. Bashira alichukua kashata zake, akaaga. Sabri ndiye aliyebaki nyuma, akasogea kwenye nondo na kusema kwa sauti ya chini:

— Mzee Ubwa, nikubadilishie paswedi? Dakika moja tu. Nakuwekea ngumu, hata yeye asiiweze.

Ubwa aliitizama ile namba, kisha akautizama ubeti wa nane. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya kisu juu ya magamba ya samaki, na juu ya kisu, mtu akivumisha nyimbo bila ya maneno.

— Iache hiyo hiyo, alisema.

Akakivuta kiti mbele, akaweka kidole kimoja kwenye kibodi, na chini ya ubeti wa nane akaanza wa tisa.